Halua ya Jumapili ya Msamaha

Stanka alikuwa na haki yake, na haki hiyo aliikalia kama kuku anavyoatamia mayai.

Mama yao alipougua na kulala kitandani miaka mingi, Stanka ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza. Nevena, mdogo wake, alikuwa mjini anakula maisha. Alikuja siku za mwisho tu, akamchekesha mama kidogo, na mama, jamani, akamkabidhi yeye ile picha ya Mama wa Mungu waliyorithishana wanawake wa ukoo wao. Siku ya kumzika mama, makaburini, Stanka alimwambia mdogo wake mbele za watu, "Hukustahili." Nevena akarudi kuishi kijijini, mtaa wa chini ya kanisa, lakini dada yake hakumsemesha tena.

Sasa, katika kijiji kile cha milimani Bulgaria, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima mdogo humwendea mkubwa, humbusu mkono na kumwomba msamaha. Mkubwa hujibu, "Mungu akusamehe," wakala halua nyeupe pamoja. Mkubwa haendi, huendewa. Kila mwaka Nevena alikuja na halua yake, akagonga, akaita, "Dada, nisamehe." Na kila mwaka Stanka alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, akingoja Nevena aongeze neno moja tu, "Sikustahili." Halikuja, na mlango haukufunguliwa. Kiburi kikivaa nguo za haki, nani atakitambua?

Mwaka huu mlango haukugongwa. Stanka alikuwa ametandika meza na sahani mbili (alizitandika kila mwaka, usimcheke), akakaa kusikiliza. Kengele ya sala ya jioni ikalia, ikanyamaza. Hasira zikampanda. Yaani hata kuombwa msamaha anyimwe? Akajifunga kitambaa kichwani, akateremka kwenda kudai.

"We Nevena!" alianza kufoka kabla hajafika mlangoni. "Umeota mapembe, siku hizi mkubwa ndiye amfuate mdogo?"

Aliyefungua ni Bibi Gina, jirani, mikono yake ingali imelowa.

"Taratibu, mwanangu. Nilikuwa nakuja kukuita. Nilitaka kwanza nimwoshe, usimkute vile."

Nevena alikuwa amelazwa, mshumaa ukiwaka upande wa kichwani. Kando ya kigoda palikuwa na viatu vyake vya kanisani, kimoja kimefunguliwa kamba.

"Alikuwa anavivaa aje kwako," alisema Bibi Gina. "Moyo ukamgomea hapo hapo."

Mezani palikuwa na halua imefungwa kwa kitambaa safi, na chini yake ile picha. Alikuwa anampelekea dada yake. Stanka aliitazama haki yake aliyoidai miaka yote, akaona hana pa kuiweka.

Akapiga magoti, yeye mkubwa, akaubusu mkono wa mdogo. Ulikuwa wa baridi.

"Nisamehe, Nevena. Nisamehe, mdogo wangu." Akangoja jibu. Alikuwa hodari wa kungoja.

"Alishakusamehe," alisema Bibi Gina. "Kila mwaka akitoka mlangoni kwako alipita kwangu, ananiambia, 'Nimemsamehe dada, na Mungu amemsamehe.' Namwuliza, 'We mtoto, si wewe uliyekwenda kuomba?' Anacheka."

"Sikumwomba!" Stanka alilia kwa sauti. "Mimi sikumwomba kitu, bibi!"

"Ndiyo. Hukuomba."

"Basi niache nimwoshe."

"Nimeshamwosha."

"Nimvishe viatu."

"Viache, mama. Maiti haendi kanisani kwa miguu."

"Sasa nimfanyie nini? Niambie, nimfanyie nini?"

"Hakuna," alisema Bibi Gina kwa upole. Akafungua kitambaa, akakata kipande cha halua, akamwekea kiganjani. "Kula. Alikununulia wewe."

Stanka, ambaye maisha yake yote hakula asichokitolea jasho, aliitia mdomoni. Ilikuwa tamu, tamu mno, na hakuweza kuimeza kwa kilio.