Mstari Ulioishia Gotini

Nilipolitoa shati la kwanza kwenye begi, nilijua baba hakulishika. Mkono wa shati ulikuwa na mstari. Ulianzia begani ukashuka mpaka kwenye kifungo cha mwisho, umenyooka, umekolea, na mtu mwingine yeyote pale hosteli angesema shati limepigwa pasi vizuri. Nililiweka mapajani nikatoa la pili. Nalo lilikuwa hivyo hivyo.

Baba hakuweka mstari kwenye mkono wa shati hata siku moja. Alikuwa na kitaulo alichokizungusha kikawa kigogo kidogo, akakisukuma ndani ya mkono, kisha akapitisha pasi juu yake taratibu, na mkono ukatoka mviringo kama bado una mtu ndani. "Mstari ni wa suruali," aliwaambia wateja. "Ukiuona kwenye mkono wa shati, ujue dobi alikuwa na haraka zake." Wenyewe walimwita Mzee Mstari, maana suruali zake ungeweza kukatia mkate. Mama alifua, baba akapiga pasi, na nyumba ilikwenda hivyo tangu sijazaliwa. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, na meza iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni. Uani kulikuwa na mabeseni na kamba za nguo, na harufu ya wanga ilitufuata mpaka kitandani.

Nilipokwenda chuo, mwaka wa kwanza, mama alinisindikiza stendi na begi tupu la bluu.

"Nguo chafu utaziweka humu," akasema. "Unampa konda, mimi nazipokea, nazifua, zinarudi. Usihangaike."

"Mwache afue," baba akasema. "Ana mikono."

"Hakwenda kule kufua."

"Kwani sabuni inamzuia mtu kusoma?"

Mama alinitundikia begi begani. Baba alikuwa hodari wa kushindana na madoa, si na mama, kwa hiyo akageuka akaanza kutazama mabasi.

Simlaumu mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kabla yangu alizaa wawili ambao hawakukaa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuachia uende hivi hivi. Alinipigia simu asubuhi kuniamsha, mchana kuniuliza kama nimekula, jioni kuniuliza nimekula nini. Na kwa kuwa dobi hupekua mifuko ya nguo kabla ya kuloweka, aliyajua hata nisiyomwambia: tiketi ya sinema siku ya kazi, kipande cha karatasi ya vidonge vya kichwa. Kila alichokiokota kilizaa simu nyingine. Siku moja niliisahau simu yangu chumbani, naye akampigia msimamizi wa hosteli. Yule bwana alikuwa na sauti ya mnadani. Alisimama mlangoni mwa ukumbi wa chakula akaniuliza mbele ya watu wote kama nimemaliza dawa ya mafua, maana mama ana wasiwasi. Watu walicheka mpaka vijiko vikadondoka. Tangu siku hiyo, kila nilipopiga chafya, jamaa wa kitanda cha juu alisema ngoja awaarifu nyumbani.

Nilimpigia mama nikasema maneno makali. Akampa baba simu. Kisha nikasikia sauti ya baba, ambaye simu hakuipenda kabisa.

"Hatampigia tena msimamizi," akasema. "Na wewe, mama yako akipiga, pokea."

Akakata. Ndivyo alivyokuwa, maneno yake ya kuhesabu. Nguo niliendelea kutuma, nisijifanye shujaa. Ilikuwa raha kuvaa shati ambalo hukulitolea jasho. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Nikilifungua begi nikaiona ile mikono ya mviringo, nilijua baba mzima, kasimama mezani kwake, na siku yake imekwenda sawa. Hatukuwa na mazungumzo mengine, na haya yalinitosha.

Basi sasa mikono ilikuwa na mistari, na mitihani ilikuwa inaanza wiki iliyofuata.

Nilipiga simu. Mama akasema baba ametoka kidogo. Nilipopiga jioni, amelala. Kesho yake simu ya mama ilipokelewa na shangazi, dada yake baba, ambaye si kawaida yake kuwa pale siku ya kazi. "Baba yako yupo, mwanangu," akasema. "Yuko bafuni." Simu ya baba mwenyewe ilikuwa imezimwa.

"Mama," nikauliza alipoichukua, "mashati yangu nani kayapiga pasi?"

"Mimi. Kwani yamekuja mabaya?"

"Hapana."

"Wateja wamekuwa wengi, baba yako anazidiwa. Wewe soma, mwanangu. Mambo ya pasi tuachie sisi."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba beseni limejaa, anaogopa hata kugeuza shingo. Nilijua ananificha kitu. Nilijua pia kwamba nikimbana atazidi kukificha, kwa sababu yangu, kwa faida yangu, na ataniambia akiona wakati umefika. Nilichukua suruali yangu nyeusi, iliyokuwa safi imekunjwa vizuri, nikaifinyanga kwa mikono mpaka ikawa kama tambara, nikaitia kwenye begi. Nikampelekea konda.

"Mwambie mama hii apige baba," nikasema. "Nina mtihani wa kusimama mbele ya walimu. Nataka mstari wa baba."

Konda, aliyezoea kunitania kwamba begi langu linalipiwa nauli kuliko abiria, siku hiyo alitazama matairi. "Nitamwambia," akasema. Nikaona kwamba naye anajua.

Suruali ilirudi siku moja kabla ya mtihani wa kwanza. Niliitandika kitandani. Mguu wa kushoto wote ulikuwa wa mama: mistari miwili iliyokwenda sambamba, ikakutana, ikaachana tena. Mguu wa kulia ulianza na mstari mmoja. Ulitoka kiunoni umenyooka, mkali, hauna wasiwasi, ukashuka pajani, ukafika gotini. Pale ukakoma. Kuanzia gotini mpaka kwenye pindo ikaanza ile mistari miwili.

Nilipitisha kidole juu yake mara nyingi. Baba hakuwahi kuacha nguo katikati. Mteja akija mapema alimwambia asubiri, hata awe bwana harusi. Machozi yalinitoka kabla sijajua naogopa nini hasa.

"Kesho mtihani," jamaa wa kitanda cha juu akasema aliponiona nachukua begi. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Hakunitania. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Nilifika mchana. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, kaunta imefunikwa shuka, na kamba za uani zilikuwa tupu. Sikuwahi kuziona tupu siku ambayo jua linawaka. Shangazi alipofungua mlango wa nyuma aliweka kiganja mdomoni, akanipisha.

Baba alikuwa kitandani, ameegemezwa mito miwili. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, na uso umekuwa wa mtu mwingine. Figo, niliambiwa baadaye. Ziliharibika kimya kimya, na zilipojitangaza daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Kando ya kitanda palikuwa na ubao uliovikwa blanketi, na pasi juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akalitazama begi. "Umeiona."

"Nimeiona," nikasema, nikaitoa suruali.

"Hujaivaa?"

"Sijaivaa."

"Afadhali. Ungeniaibisha kwa walimu wako."

Mama aliingia kutoka uani, mikono imelowa. Aliponiona hakushtuka; alikasirika. Akamgeukia shangazi. "Nani kamwambia?"

"Hakuna aliyemwambia," baba akasema. "Uliniomba nisimwambie mpaka amalize mitihani. Sikumwambia."

Mama akaiona suruali mkononi mwangu, akaielewa. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Baadaye alinisimulia kwamba nguvu zilipomwishia baba, yeye alitaka kuirudia yote kuanzia kiunoni, iwe ya mkono mmoja, nisije nikahisi kitu. Baba akakataa. Akasema chini afanye apendavyo, ila pale juu pasiguswe. Mama alidhani ni maringo ya fundi.

"Mtihani lini?" baba aliniuliza.

"Kesho asubuhi."

"Basi la jioni lipo," mama akadakia. "Atakula, apumzike, arudi. Umemwona baba yako, umemsalimia. Sisi tupo hapa. Usije ukapoteza mwaka wako bure."

"Muulize," baba akasema.

"Nimuulize nini?"

"Anachotaka. Muulize yeye."

Mama alijifuta mikono kwenye gauni, akajifuta tena ilhali imeshakauka. Maisha yangu yote aliniuliza maswali, na yote alikuwa na majibu yake tayari. Hili hakuwa na jibu lake, na niliona linavyomuuma kulitoa.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kukaa."

Nilimwona akimeza basi la jioni, mtihani, na mipango yote aliyonipangia tangu nikiwa mgongoni mwake.

"Basi kaa," akasema, akanivutia stuli.

Nilikaa. Baba alilala zaidi kuliko kuzungumza. Alipoamka aliuliza kama hosteli kuna maji ya kutosha, na kama jamaa wa kitanda cha juu bado ana maneno mengi. Nilimwambia kisa cha dawa ya mafua kwa urefu, na sauti ya yule msimamizi nikaiigiza, akacheka mpaka mama akamwambia atulie. Alifariki kesho yake mchana, mimi nimeshika mkono wake mmoja, mama kashika wa pili. Wenzangu walikuwa wameulizwa nini kwenye mtihani siku ile, sikuwahi kutaka kujua.

Siku ya mazishi mama alikuja na pasi. "Lete hiyo suruali niinyooshe."

"Hapana, mama. Iache."

Nilidhani atabisha. Aliirudisha pasi mezani. Nikaenda kumzika baba nimevaa mstari wake, ulioishia gotini. Bwana mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba kweli kinyozi hajinyoi, nyumba nzima ya madobi na mtoto wa marehemu katoka hivyo. Alikuwa na haki ya kushangaa.

Watu walipokwisha kutawanyika, mama aliniambia, "Nilitaka usome kwa amani."

"Najua, mama."

"Angeondoka ukiwa huko, ungenisamehe?"

Nilitaka kumpa jibu jepesi, nikashindwa. "Sijui," nikasema. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea hivyo, akanishika bega. Tulilia pamoja.

Chuo walinikubalia nifanye baadaye mitihani niliyoikosa. Siku ya kuondoka mama alinisindikiza stendi. Begi la bluu hakulileta.

"Nguo utafua mwenyewe?"

"Nitafua."

"Nyeupe usichanganye," akaanza, akajikatiza. Akatoa kile kitaulo cha baba kwenye mkoba, kimeungua rangi ya chai. "Hiki unakiingiza ndani ya mkono wa shati. Alinifundisha sana. Mimi nilikuwa naona kinachelewesha kazi."

Wiki ile hakunipigia asubuhi hata mara moja. Siku ya kwanza nilipitiwa na usingizi, nikaingia darasani watu wanatoka. Siku iliyofuata niliamka mwenyewe, nikakaa nikiitazama simu iliyonyamaza, nikamkumbuka mama kama aliyekwenda mbali. Jumapili nilifua, nikaanika, nikaazima pasi. Kisha nikampigia.

Alipokea mara moja. Hakuniuliza kama nimekula. Niliisikia pumzi yake ikisubiri.

"Nimefua, mama," nikasema. "Mashati nimeyapiga pasi."

"Mikono yake imetokaje?"

Niliyatazama yalivyoning'inia ukingoni mwa kitanda.

"Ina mistari."

"Hata yangu bado inayo," akasema mama.