Nyumba ya Mwajuma Yazidi Kimo

Jumanne saa nne asubuhi, Mwajuma alikuwa anachambua mchicha barazani, nyumba yake ikapanda tena. Ilipanda kiasi cha kiganja. Alishika beseni lisimwagike, akaendelea.

Nyumba aliirithi kwa mama yake, na mama kwa bibi, maana kwa Waluguru urithi hufuata upande wa mama. Ilikuwa ya vyumba sita, udongo na mabati, mtaa wa Kisimani, hapo Morogoro mjini. Barazani kwake aliyechoka alikaa bila kuomba. Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikawa huria na wenye pesa wakaanza kununua viwanja, wenyeji waliiomba ofisi ya mji itunge sheria: Kisimani pasijengwe ghorofa, pabaki kama palivyo. Mwajuma alikuwa wa kwanza kutia dole gumba. Sheria ikapita: jengo lisizidi futi kumi na nne kutoka usawa wa barabara.

Sufiani, muuza mitumba ya jumla, aliisoma vizuri kuliko walioiomba. Alinunua kiwanja cha jirani akajenga ghorofa. Kila alipomaliza sakafu moja, jengo lilizama mchana kweupe, taratibu, kama mkate kwenye chai. Alipofikisha ya tano, juu palibaki chumba kimoja na mlango wa chuma. Wapangaji waliteremka makwao na chemli mkononi. Udongo uliosukumwa nao ulitafuta pa kwenda, ukaenda chini ya nyumba ya Mwajuma. Baraza lilipofikia nyaya za umeme, wazee wakaacha kuja. Magoti hayakuweza ngazi.

Jumanne hiyo ndipo akaja Gabrieli, afisa wa mipango miji, na futi kamba. Kwa Sufiani alipima futi tisa. Kwa Mwajuma, thelathini na mbili.

“Shikamoo, mama. Umezidi.”

“Marahaba. Mimi tangu mama afe sijajenga hata choo. Mwenye ghorofa huyo hapo!”

“Chini ya barabara sheria haina macho, mama.”

Sufiani alikuwa ameegemea mlango wake. “Bi Mwajuma, si mlitaka mtaa usibadilike? Mbona unaubadilisha wewe?”

“Nyamaza, fuko mwanahizaya.”

“Fuko mwenye kibali.”

Gabrieli akafunua karatasi. “Hili dole gumba la nani?”

“Langu.”

“Basi sheria unaijua.”

Akapanda ngazi, akachora X nyekundu ukutani. Alhamisi watu wa nyundo walibomoa vyumba vyote sita kabla ya adhuhuri. Ijumaa greda likasawazisha kilima, udongo ukazolewa kwenda kufukia mashimo njia ya Kingolwira.

Gabrieli aliandika ripoti kwamba mtu akisimama barabarani, Kisimani iko vilevile. Hilo ni kweli. Mwajuma amepanga kwa Sufiani, sakafu ya chini kabisa, na kutoka barabarani haonekani.