Saizi Mia Moja na Thelathini

Sikutaka kupanda meli ile, niseme ukweli. Tajiri mmoja wa Mexico, mteja wa siku nyingi wa mume wangu Agustino, ndiye aliyetualika tukatembee pwani ya kwao. Alikuwa amesikia tunatimiza miaka kumi na mitano ya ndoa. Watanzania wenzetu wa hapa Guangzhou walipopata habari, wakatufanyia ibada ya shukrani na keki ya ghorofa mbili. Mimi nilicheka kwenye picha zote. Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri kwamba tukirudi nafunga duka langu la Xiaobei, narudi kwetu Bukoba, na Agustino abaki na makontena yake.

Binti yetu Agape alifariki miaka mitano iliyopita, akiwa na umri wa miaka minne. Alikuwa akilelewa na mama yangu kule Bukoba, kama walivyo watoto wengi wa wafanyabiashara wa huku. Sisi tulimjua kwa simu na kwa vipimo. Nguo za watoto za China huenda kwa urefu wa mtoto, sentimita, si kwa umri, kwa hiyo kila baada ya miezi michache mama alimsimamisha ukutani, akampima na kututumia namba. Tisini. Tisini na tano. Mia moja. Tukishapata namba tunaamkia soko la nguo la Shisanhang, tunamchagulia gauni, tunalitia kwenye begi la mtu anayekwenda nyumbani. Agustino alikuwa mbishi sana kwenye kuchagua rangi.

Homa ilimchukua kwa siku tatu. Mimi nilipanda ndege. Agustino alisema kontena lake linapakiwa wiki hiyohiyo, hawezi kuondoka. Nikamzika mwanangu pamoja na mama yangu na majirani.

Niliporudi nilimwambia jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba, na mtu yeyote asiniite Mama Agape. Tena nikamwambia afute alama yetu ya mzigo. Kila mfanyabiashara huku ana alama yake inayoandikwa kwenye katoni ili zisichanganyike na za wengine, na ya kwetu ilikuwa AGAPE tangu mtoto alipozaliwa. Sikutaka jina lake liburuzwe bandarini. Akasema sawa. Tangu siku hiyo sikumwona akilia, wala sikumsikia akimtaja hata kwa bahati mbaya. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa namtazama akila ugali wake kwa utulivu, nasema huyu mtu ana roho ya namna gani.

Basi tukaenda. Meli yenyewe ilikuwa ndogo, abiria hawafiki mia. Iliondokea La Paz na kupita vibandari ambavyo meli kubwa hazisimami. Cha kwanza kilikuwa Loreto. Agustino alishuka na kikokotoo chake mfukoni, akaanza kubishana bei ya kofia moja ya ukindu kama yuko Shisanhang. Anaandika namba, muuzaji anafuta, naye anaandika tena, na wote wawili hawana lugha ya pamoja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni yake nilijiuliza kama sijaharakisha kukata shauri.

Siku ya pili tukatia nanga Santa Rosalía, mji wa nyumba za mbao na kanisa la chuma lililounganishwa kwa bolti. Nyuma ya kanisa kulikuwa na mama mmoja aliyepanga magauni ya watoto juu ya meza. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ndiyo kazi yangu. Gauni la kwanza, saizi mia moja na thelathini. La pili vilevile. Nikapekua rundo zima, yote mia moja na thelathini. Nikamwonea huruma yule mama, maana nguo za watoto hununuliwa kwa mchanganyiko, kila saizi kidogo kidogo. Nani kamfanyia hivi? Nikainama kutazama katoni iliyokuwa chini ya meza. Iliandikwa kwa wino mweusi: AGAPE 130.

Nilimwita Agustino. Alikuja, akaiona. Nilimwuliza hiki ni nini. Akasema twende, meli itatuacha. Meli ilikuwa na saa mbili nzima kabla ya kuondoka.

Kile kibandari cha tatu hata jina lake silijui. Nilibaki chumbani. Agustino aliniletea samaki waliofungwa kwenye chapati za mahindi, akaweka sahani mlangoni, akaondoka. Sikumdai maelezo, nilishajieleza mwenyewe. Niliona kwamba jina la mwanangu nimelikataza midomoni mwa watu wote, mama yangu mzazi akiwemo, kumbe mume wangu analifanyia biashara hadi ng'ambo ya pili ya dunia. Sijawahi kukasirika vile. Siku zote zilizobaki hatukusemeshana, na kwenye ndege niligeukia dirishani.

Tulipofika Guangzhou sikungoja hata kufungua mabegi. Asubuhi nilikwenda Dengfeng kwenye godauni la wakala tunayesafirisha naye. Msimamizi wake ni Shedrack, mtu mzima wa Mbeya, mpole, ambaye yuko hapa mwaka wa tatu sasa na hayajui ya kwetu. Aliniona mlangoni akasema, "Karibu, Mama Agape."

Miaka mitano hakuna aliyeniita hivyo. Yeye akaendelea na maneno yake. Alisema ni vizuri nimekuja, labda mzee Agustino atanisikiliza mimi, kwani yeye Shedrack amemshauri mara nyingi achanganye saizi lakini hasikii. Hata laoban, bosi wa kiwandani, anamshangaa, anamwambia saizi nyingine zipo, yeye anajibu buyao, hataki. Shedrack alipoanza kazi, mzigo wa yule mteja wa Mexico ulikuwa mia moja na ishirini mtupu. Sasa mia moja na thelathini mtupu. Kwenye daftari aliloachiwa, kabla ya hapo ulikuwa mia moja na kumi.

"Mwakani amesema tutaandaa mia moja na arobaini," Shedrack akasema. "Biashara gani hiyo, mama?"

Nikaketi juu ya katoni. Nilipiga hesabu ambayo mama yeyote angeipiga. Mtoto wa miaka tisa. Mwaka huu angekuwa na miaka tisa, na angefika mia moja na thelathini, pengine na zaidi kidogo, maana alikuwa na miguu mirefu ya baba yake.

Agustino alinikuta pale mchana. Shedrack alituangalia, akatoka nje kimyakimya. Nilikuwa nimeandaa matusi tangu Santa Rosalía, matusi ya Kihaya na ya Kiswahili, lakini yalikuwa yamenitoroka yote.

"Nilikuambia jina hilo lisitajwe," nikasema.

"Sijalitaja," akasema. "Niliandika tu."

"Miaka mitano, Agustino. Umemkuza peke yako miaka mitano, mimi nakuona jiwe."

Aliketi kwenye katoni ya mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akaniambia kwamba lile kontena lingeweza kusubiri. Shemeji zangu wawili wa hapa Guangzhou walijitolea kulisimamia, akawakatalia. Aliogopa. Alijua akiliona kaburi basi imekwisha, na alikuwa hayuko tayari iishe.

"Wewe ulimwona akishushwa," akasema. "Mimi namba ya mwisho niliyotumiwa ilikuwa mia moja na tatu. Niliendelea kutoka pale."

Nililia kwa hasira na kwa huruma, sijui kipi kilizidi. Mtu huyu nilimhukumu mchana na usiku, nikasahau kwamba mdomo wake nilimfunga mimi mwenyewe. Na bado sikumsamehe lile la kontena. Sijamsamehe hadi leo.

Nikatoa simu, nikamwonyesha tiketi ya Bukoba niliyokuwa nimeikata kwa siri, ya mtu mmoja, ya kwenda bila kurudi. Aliisoma polepole.

"Unaniacha," akasema.

"Nilikuwa nakuacha. Sasa naifuta, nakukatia wewe, ya kwenda na kurudi. Duka nitalishika mimi."

"Twende wote, Mama Agape. Peke yangu siwezi."

"Mimi nilishamzika," nikamwambia. "Na wewe nenda ukamzike."

Alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika. Nilimwacha alie, sikumshika. Alipotulia akajifuta kwa mkono wa shati, akaniuliza kaburi liko upande gani wa nyumba. Kwa miaka yote mitano hakuwahi kuuliza.