Mhandisi Kaijage Anaomba Kutua

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kazini, ingawa nimestaafu na sare yangu nilishaikata nikaifanya matambara ya jikoni. Aliyekuja kuniita ni antena ya rada yenyewe. Ilikuwa imesimama mlangoni, imeinama ili isigonge dari.

"Bi Skola," ikasema, "Mhandisi Theonesti Kaijage yuko angani anaomba kutua, na mimi simuoni."

Sikushangaa kwamba antena inazungumza. Nilishangaa kwamba Mhandisi yuko angani, maana wiki iliyopita alizikwa kwao Kamachumu, huko Bukoba. Mvua ilikata barabara, sisi tuliofanya naye kazi tukashindwa kufika. Mtu aliyetulea kazini miaka yote ile akaingia kaburini bila hata mmoja wetu kumtupia udongo. Jambo hilo lilikuwa limenikaa rohoni.

Nikajifunga khanga, nikatoka. Nje ya mlango wangu ni kituo chetu cha zamani, juu kilimani, ukungu umetanda. Kwenye chumba cha rada yupo Zuwena, aliyekuwa muongoza ndege, amevaa gauni la kulalia. Yupo pia Ndimbo, dereva wa kituo, ameshika usukani usio na gari.

Skrini ni tupu. Redioni ndege inalalamika.

"Nimechoka kuzunguka. Abiria wangu ni mmoja tu, na ana adabu zake, lakini mafuta yanaisha."

"Mbona huzunguki umtafute?" naiuliza antena.

"Kanuni mnaijua. Ninachokituma lazima kirudi, ndipo nikione. Nimetuma jina lake, halijarudi. Semeni aliyowatendea, ndipo litarudi. Na msiongeze."

Zuwena anaanza.

"Siku ile ya radi, skrini ilizima ndege zikiwa hewani. Mhandisi akachukua mkanda wake wa usalama apande mnarani. Nikamwambia, utakufa. Akasema, 'Zuwena, usiniangalie mimi, angalia ndege zako.' Akapanda. Skrini ikawaka. Aliposhuka aliuliza kitu kimoja tu: 'Wametua wote?' Nikamjibu, wote. Hapo ndipo alipokaa sakafuni, akaomba maji."

Antena inakohoa, inaanza kuzunguka. Kwenye skrini kinatokea kidoa cha kijani, hafifu kama kimulimuli aliyechoka.

Sasa chumba ni jikoni kwangu, na skrini ni kikaango cha chapati. Hakuna anayejali. Ni zamu ya Ndimbo.

"Mke wangu aliposhikwa na uchungu, mimi nilikuwa hoi kwa malaria. Mhandisi akampeleka hospitali yeye mwenyewe, gari likaenda kama upepo..."

Antena inasimama.

"Umetia chumvi."

Ndimbo anajikuna kisogo. "Haya. Kuendesha alikuwa hajui. Gari lilimzimikia kila kona. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimwelekeza, na uchungu wake: 'Kanyaga klachi, Mhandisi!' Lakini walifika. Na hakuondoka. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi mpaka mtoto akalia. Ni wa kike, ila tulimwita Theonesti hivyo hivyo."

Antena inazunguka tena. Kidoa kinanenepa.

"Naanza kuona taa," inasema ndege. "Bado nani?"

Wote wananitazama, kikaango nacho kinanitazama.

"Nilikuwa fundi mwanamke peke yangu kituoni," nasema. "Siku moja wakaja wakubwa kutoka makao makuu, mimi nimejikunja ndani ya kabati la mitambo na bisibisi yangu. Mmoja akamwambia Mhandisi, 'Hii si kazi ya huyu mama, ifanye wewe.' Mhandisi alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, ananimulikia. Hakuinuka. Akasema, 'Fundi ni yeye. Mimi leo ni mshika tochi.' Wakubwa wakasimama pale, wakangoja mpaka nikamaliza."

Nawageukia wenzangu. "Tangu siku ile hakuna aliyewahi kuninyang'anya bisibisi."

Ndege inatua sebuleni, taratibu, bila kugusa kabati la vyombo. Mhandisi anashuka, amevaa suti aliyozikwa nayo, anatusalimia kwa mkono, mmoja mmoja.

"Samahani kwa usumbufu," anasema. "Nyumbani mazikoni walinisifu sana, lakini walikuwa wanasifu cheo, mhandisi. Nilitaka nisikie na kwenu nyie mnaonijua."

"Asante, Mhandisi," tunasema kwa pamoja, kama watoto wa shule.

"Asanteni nyie. Kazi ilikuwa tamu." Anaangalia kikaango. "Sasa nisindikizeni kidogo. Ukungu huu siujui."

Anapanda. Ndege inaruka kupitia dirishani, na antena inageuka polepole ikimfuata, inamfuata, mpaka shingo inalia.

Niliamshwa na mume wangu akiipigapiga televisheni.

"Mama Chausiku, hakuna picha. Taarifa ya habari itanipita."

Nikatoka uani kutazama. Dishi letu juu ya paa, lililokazwa kwa nati na fundi mwenye nguvu zake, limegeuka lote. Limeelekea Bukoba. Na usiku kucha hapakuwa na upepo. Hata pegi moja haikuwa imeanguka kwenye kamba ya nguo.

"Nimwite fundi alirudishe?" mume wangu akauliza kutoka ndani.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Bado hajafika."