Punje ya Mama Kashindye

Kokulinda alikuwa mbishi tangu kwao Bukoba, na ubishi huo ndio uliomtia taabuni. Kiwanda cha vitenge alichofanyia kazi Mwanza kilikuwa kimeuzwa kwa tajiri, na meneja mpya akatangaza: chumba cha wachora nakshi kinafungwa, michoro itanunuliwa nje. Kokulinda, mmoja wa wachoraji hao, akabisha mbele ya watu. Akasema kompyuta ya ofisini, iliyokuwa ikiandika barua tu, inaweza kuzaa nakshi iliyochaguliwa na wanawake wa Mwanza wenyewe. Meneja alicheka, akampa wiki saba. Alete nakshi moja ya kuuzika, la sivyo aage yeye na chumba chake.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Kompyuta ilitoa michoro kumi na miwili ya kubahatisha. Kokulinda akaibandika ubaoni kwenye soko la Mwaloni, kila mmoja na kopo lake chini, na kila mama muuza dagaa akatumbukiza punje moja ya mahindi penye mchoro alioupenda. Miwili iliyopata punje nyingi ikaozeshwa ndani ya mashine: watoto wakachukua mistari ya huyu na rangi za yule, na kosa dogo la makusudi hapa na pale ili wasifanane mno. Iliyokosa kura ikafa. Wiki iliyofuata watoto nao wakapelekwa sokoni kuchaguliwa, na hivyo hivyo kila wiki.

Kufikia uzao wa sita, punje zote zilikuwa kwenye kopo moja. Kokulinda alifurahi, mpaka alipoutazama mchoro vizuri. Maua yalikuwa makubwa kama sinia, meusi tititi juu ya njano, na mapambo laini ya mwanzo yametoweka yote.

"Hili ni bango la barabarani," alisema meneja. "Umebakiwa na wiki moja."

Safari hii Kokulinda hakuacha ubao na kwenda zake. Alijibanza nyuma ya magunia ya dagaa, akaangalia. Hakuna aliyesogea mpaka Mama Kashindye, mkubwa wa soko, alipoinuka na kutumbukiza punje yake. Hapo wote wakajipanga, wakamwaga zao kwenye kopo lile lile huku wanacheka.

Wiki zote hizo! Damu ikamchemka, akamshika mkono Bernadeta, muuzaji aliyekuwa karibu.

"Mbona mnamwiga?"

"Wiki za mwanzo wachache tulijichagulia. Sasa dada, mkubwa ameshachagua, mimi nani nichague kingine? Si nitaonekana sina adabu?"

Kokulinda akamfuata Mama Kashindye mwenyewe. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mchoro, mama, umeupendea nini?"

Mama Kashindye aligeuka huku na huku, akashusha sauti. "Nauona. Ile mingine kwangu ni ukungu mtupu. Lakini usiwaambie. Muuzaji asiyeona ataibiwa mpaka mzani."

Hasira zikamwisha Kokulinda, akaona aibu. Kumbe kompyuta ilikuwa ikihangaika wiki hadi wiki kutafuta kitu ambacho macho yale yanaweza kukiona. Na wanawake waliomfuata mkubwa wao penye kopo, nani alisema hawatamfuata dukani? Alirudi kiwandani, akaomba kitenge kimoja tu cha mchoro ule kichapwe. Macho ya nani yalichagua, hakumwambia mtu.

Jumamosi Mama Kashindye alikivaa sokoni. Kabla ya adhuhuri wanawake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja anataka kujua kinauzwa duka gani. Meneja, aliyekuja kushuhudia msiba wa Kokulinda, alisikiliza, akajikuna kichwa.

"Haya, chumba kibaki," alisema shingo upande.

Kokulinda alikuwa anamtazama Mama Kashindye, aliyekuwa ameketi juu ya gunia akitandaza kitenge magotini, kidole kikifuata ukingo wa ua taratibu.

"Lina majani matano," alisema mama yule, kama anayejiambia mwenyewe, kisha akaanza kuhesabu upya.