Mwalimu Aliyekuwa Mkwe

Wayua alikuwa anaanza kuiogopa Jumamosi kabla haijafika. Ijumaa chakula hakishuki. Na Jumamosi yenyewe, akisikia pikipiki ya Kitonga inapanda mlima wa Nunguni, anamwaga maziwa. Na ukimwuliza anaogopa nini? Angekuambia nini? Kwamba anamwogopa mwalimu wa tuisheni wa mtoto wake, mtu aliyetafutwa kwa simu na kwa maombi, na alipopatikana kila mtu akasema Mungu ni mwema?

Haya, tuanze na huko kutafuta kwenyewe. Katunge, kitinda mimba wa Wayua, alikuwa kidato cha nne na hesabu ilikuwa imemkalia vibaya. Mengine yote aliyaweza. Kiingereza alikuwa anakiporomosha, na Kijerumani alikuwa anajifunza mwenyewe kwa simu, kwa sababu alitaka kuwa nesi na alikuwa amesikia Wajerumani wanatafuta manesi. Lakini hesabu ilikuwa D, muhula uliofuata D tena, na vyuo vya unesi havitaki hata kuisikia D.

Muthama, mume wa Wayua, ni mzee wa kanisa na mtu wa utaratibu. Alisema atafutwe mwalimu wa kweli, mwenye cheti. Wa kwanza walimpata Facebook, kijana wa suti aliyeongea vizuri sana, kumbe cheti chake kilichapishwa kwenye duka la kupiga picha. Wa pili alikuwa Mwalimu Wanjiro, mke wa mfanyabiashara kutoka Murang'a, mwalimu hasa, lakini wa lugha. Hesabu alisema wazi hawezi kuwadanganya. Muthama akachoka, akaapa kwamba hakuna atakayefundisha nyumbani kwake bila cheti cha chuo, namba ya tume ya walimu na neno zuri la mchungaji.

Ndipo akakumbuka Kitonga, mume wa Muthoki, kifungua mimba wao. Kitonga alikuwa anafundisha hesabu na fizikia kwenye shule moja ya upili huko chini Emali. Degree anayo, namba anayo, kanisani kwao anaongoza maombi. Muthama alijicheka mwenyewe. Wamezunguka hivyo wakitafuta mwalimu, na mwalimu ni wa kwao.

Hapo ndipo kosa lilifanyika, na lilifanywa na watu wazima wenye akili zao timamu, mchana kweupe. Walimuuliza Kitonga kila kitu ambacho mwalimu huulizwa. Wakasahau kwamba ni mkwe.

Kama wewe si Mkamba, nikueleze upesi. Mama mkwe na mkwe wake wana nthoni, heshima ya kuoneana haya. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wote wanasikia. Mama mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe. Najua wa siku hizi wanacheka, na wengine wanapiga picha wamekumbatiana kabisa. Lakini Wayua alilelewa na mama aliyekuwa akijitupa kwenye mahindi akimwona mkwe wake njiani, na tangu harusi ya Muthoki yeye mwenyewe hajawahi kumtazama Kitonga usoni.

Sasa fikiria hali hiyo. Yule kijana wa suti alipokuwa anafundisha, Wayua alikuwa ameketi papo hapo kwenye kochi anachambua mboga, na hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu Wanjiro alipokuja, vilevile. Kitonga akiingia sebuleni, Wayua anatoka. Anakwenda jikoni, ile nyumba ndogo nyuma, anakaa huko mpaka mtu aondoke. Muthama Jumamosi huwa sokoni na avokado zake, kisha kamati ya kanisa. Mwalimu pekee aliyeachwa na msichana peke yake ni huyu waliyemwamini kuliko wote.

Jumamosi za kwanza zilikwenda vizuri. Katunge alikuwa anatoka na karatasi zimejaa, anacheka, anasema Mwalimu anaeleza mpaka inaingia. Kisha ukaja ule ukungu wa Julai na Kitonga akaanza kufunga mlango. Baridi, alisema. Ni kweli, Nunguni Julai ni baridi ya kukata masikio. Wayua alijiambia ni baridi, akaendelea kumenya viazi.

Halafu Katunge akanyamaza. Mtoto aliyekuwa anaimba akiosha vyombo sasa anaosha kama yuko matangani. Jumamosi moja kichwa kinamuuma, nyingine tumbo. Sweta kubwa la baba yake akawa halivui. Na asubuhi moja, pikipiki ikisikika huko chini, alimfuata mama yake mpaka mlango wa jikoni, akasimama akipindapinda mkono wa hilo sweta.

“Mama, kwani lazima utoke?”

Wayua akamjibu vile alivyojibiwa na mama yake. “Ni mkwe, Katunge. Unajua haifai.”

Katunge akarudi ndani. Wayua akabaki amesimama na sufuria mkononi, mwili wote umemwingia ubaridi ambao si wa Julai. Aki hilo swali lilimkaa kifuani juma zima kama mfupa wa samaki.

Jioni moja alijaribu kumwambia Muthama. Aliliongea vibaya, kwa sababu hakuwa na kitu cha kushika. Mlango unafungwa. Mtoto amenyamaza. Muthama akamuuliza kama kuna mtu anafundisha mlango wazi kwenye ukungu, na kama kuna mtoto wa kidato cha nne anayecheka mwezi wa saba. Kisha akashusha sauti, akamkumbusha kwamba huyo ni mume wa Muthoki, na kwamba maneno kama hayo yakitoka nje ya nyumba hii, Muthoki atarudishwa kwao pamoja na watoto wake. Hakuwa mkali. Aliogopa pia, kwa njia yake, ila alichokiogopa ni kingine.

Hapo ndipo palipokuwa na kisu chenyewe. Wayua alikuwa na wasichana wawili, na kila alipojaribu kumshika mmoja, alihisi anamwachilia mwingine. Akisema, na iwe si kweli, amevunja ndoa ya Muthoki kwa sababu ya baridi. Asiposema, na iwe ni kweli? Hilo hakuweza kulifikiria mpaka mwisho. Alikuwa akifika hapo anaamka kitandani anakaa.

Kisha Kitonga akatuma neno kupitia kwa Muthama, kama ilivyo adabu. Likizo ya Agosti inakaribia, alisema, na Jumamosi pekee hazitoshi. Katunge aende Emali akae kwake likizo yote, wasome asubuhi na jioni, C plus itapatikana. Muthama alifurahi sana. Akamshukuru Mungu mezani. Wayua hakumeza.

Kwa sababu Muthoki haishi Emali. Muthoki na watoto wanaishi Kwa Vonza, kwao Kitonga, na huko Emali Kitonga amepanga chumba chake mwenyewe. Wayua alilisema hilo, taratibu. Muthama akasema watapanga, Muthoki anaweza kuja kukaa nao. Wayua akampigia Muthoki. Muthoki akasema hajaambiwa lolote kuhusu Emali. Alisema kwa sauti ndogo, halafu akasema mtoto analia, akakata.

Jumamosi ile, ya kumchukua Katunge, Muthama alikwenda sokoni asubuhi akisema atarudi kuwaaga. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu hadi kwenye ngazi. Pikipiki ikaja, na Kitonga akaingia kusoma na Katunge kidogo wakimngoja baba. Wayua akatoka kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akaingia jikoni, akawasha moto, akauzima. Hakuweza kukaa. Alijiambia anakwenda kuchota maji, na miguu ikampeleka upande wa dirisha la sebule, yeye ambaye hajawahi kusikiliza mazungumzo ya mkwe maisha yake yote. Haya ilimchoma uso. Aligeuka arudi, kweli aligeuka.

Ndipo akasikia sauti ya Kitonga ndani, ya pole, ile ya kuongozea maombi.

“Utamwambia mama? Mama yako hawezi hata kusimama hapo mlangoni. Na Emali hawezi kuja kamwe. Kwa hivyo tulia, unalia nini?”

Damu ilimganda Wayua. Halafu ikayeyuka yote kwa pamoja ikampanda kichwani. Jamani, huyu mtu alikuwa amepiga hesabu. Ile heshima aliyopewa na mama wa mke wake ndiyo aliyoishika akaifanya komeo. Kila Jumamosi alipokuwa anatoka mbio kumwachia nafasi, Wayua alikuwa anamfungia mtoto wake mwenyewe.

Alizunguka nyumba. Alisukuma mlango. Umefungwa kwa ndani.

“Katunge,” akaita. “Fungua.”

Kisha Kitonga akasema, si kwake, kwa sababu haongei naye, ila kwa sauti ya kusikika nje: “Katunge, mwambie mama kwamba mimi niko humu ndani.”

Kwa Mkamba yeyote hayo yalitosha. Hayo ndiyo maneno yanayomgeuza mama mkwe njiani hata kama nyumba inawaka moto. Wayua alihisi mwili wake mwenyewe unaanza kugeuka, vile ulivyofundishwa tangu utotoni. Akaushika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili. Na akafanya ambacho hakuwahi kufanya tangu harusi. Alimjibu mwenyewe, moja kwa moja.

“Najua uko humo, Kitonga. Ndiyo maana ninaingia.”

Komeo likavutwa. Ni Katunge aliyelivuta, macho mekundu, sweta amelivuta mpaka kwenye vidole. Wayua alimpita akaingia sebuleni. Kitonga alikuwa amesimama upande ule wa meza uliokuwa na kiti cha Katunge, na kiti chake mwenyewe kilikuwa hapo hapo, viti vimegusana. Kwa mara ya kwanza Wayua akamtazama usoni. Alikuwa mtu wa kawaida tu, na jasho juu ya mdomo. Wayua akavuta kiti cha Kitonga, akakiweka katikati yao, akakikalia.

“Endelea kufundisha,” akamwambia. “Mimi niko.”

Kitonga alikusanya koti lake. Akiwa mlangoni akasema, sasa naye akiongea na Wayua mwenyewe, kwamba amemvunjia heshima, kwamba wazee watasikia, na kwamba Muthoki asishangae akikuta nguo zake nje. Pikipiki ikateremka ukunguni. Wayua hakusimama. Katunge akamshika mikono, na hapo ndipo mtoto alianza kuongea. Mkono aliokuwa akishikwa na kukatazwa kuuondoa. Maneno ya kwamba amekuwa mkubwa. Vitisho vya kwamba akisema dada yake ataachwa, na itakuwa ni makosa yake. Emali hakuna mtu atakayekuja kubisha, alikuwa ameambiwa.

Muthama alirudi na simu mkononi, amekwishapigiwa na Kitonga. Aliingia akiuliza kama ni kweli mke wake amepata wazimu. Katunge akamwambia mwenyewe yale yote, akiwa ameketi mahali pale pale. Muthama alisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia, akaketi sakafuni kando ya mlango kama mtu aliyefiwa, na baadaye akasema kesho asubuhi watakwenda polisi wote watatu.

Lakini woga haukuondoka. Ulihama tu. Sasa Wayua aliitazama simu yake juu ya meza, akingoja Muthoki apige. Alijua atapigiwa simu na mtoto aliyetupiwa nguo nje, mwenye watoto wadogo, atakayemuuliza kwa nini. Mchana huo, jua lilipoanza kutoboa ukungu, simu ikalia, na jina likawa la Muthoki. Wayua aliipokea kwa mikono miwili.

“Mama,” Muthoki alisema. “Ni kweli uliingia akiwa ndani?”

“Niliingia, Muthoki. Nisamehe.”

Wayua alisikia pumzi ya Muthoki, na mlango ukifungwa polepole huko Kwa Vonza, na mtoto akinyamazishwa. Aliporudi, sauti ilikuwa ya chini sana, ya mtu asiyetaka kusikiwa katika nyumba yake mwenyewe.

“Na kwangu utaingia lini?”