Presha Imepanda Basi la Lushoto

Usiku wa jana niliota nimechelewa mtihani wa vitendo kwa sababu nilikuwa namsubiri Babu Kifua atafute viatu vyake.

Babu Kifua hana miguu. Ni sanamu ya mpira iliyoko kwenye chumba cha mazoezi cha chuo chetu, hapa Korogwe, tunakosomea uhudumu wa dharura, ile kazi ya kumfikia mgonjwa kwa ambulansi kabla daktari hajamtia machoni. Ana kichwa, ana kifua, basi. Mwaka mzima tumemkandamiza na kumpulizia hewa mdomoni, kisha tukampangusa kwa spiriti na kwenda kula ugali.

Ndotoni alikuwa mezani, amenuna.

"Mwajabu," akasema, "midomo yangu unaijua kuliko ya mtu yeyote. Hata siku moja hujaniamkia."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Viatu sivioni. Twende hivyo hivyo."

Nikambeba kwapani tukatoka.

Ngoja nieleze kwanza kwa nini mtihani huu ulinifuata mpaka kitandani. Jana mchana, nikiwa macho kabisa, Mwalimu Nyoni alitupa zoezi la ajali uwanjani. Mwenzetu Lutengano alilala kwenye nyasi akiigiza mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Nikamwendea, nikamuuliza, "Habari yako, kaka?" Akajibu, "Nzuri tu, dada." Nikamfunga utepe wa kijani, maana yake huyu anaweza kungoja, nikaenda kwa mwingine. Mwalimu akaja, akamfunua shati. Tumboni alikuwa ameandikwa kwa wino mwekundu: NAVUJA DAMU NDANI.

"Umemuua, Mwajabu," Mwalimu akasema. "Kesho utarudia."

"Lakini mwenyewe kasema nzuri!"

Wote wakacheka, na marehemu akacheka kuliko wote. Mimi niliudhika, na mpaka jioni nilikuwa nimeudhika. Hata nilipompigia mama simu, sikuwa na maneno mengi. Mama anaishi vilimani juu ya Soni na kaka yangu Hoza, na presha anayo tangu nikiwa darasa la tano. Nikamuuliza, hujambo mama? Akasema, sijambo mwanangu, sisi huku salama kabisa. Nikakata, nikalala.

Sasa turudi ndotoni.

Tunatoka mlangoni, na nje si korido, ni uwanja. Kanuni ya kwanza tunayofundishwa ni kuhakikisha eneo ni salama kabla ya kuingia. Nasimama pembeni, naliuliza eneo.

"U salama?"

"Salama," uwanja unajibu. "Habari za kwenu?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Sina watoto."

"Mungu atakupa. Pita."

Katikati ya uwanja mama yangu amelala kwenye machela, amejifunga ile kanga yake ya kwendea gulioni. Namwamkia. Ananiambia nimekonda. Namvalisha kipimo cha presha mkononi, nabonyeza mpira, na kipimo kinakohoa kama mwenyekiti wa kikao.

"Presha haipo," kinasema.

"Imekwenda wapi?"

"Imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Mimi sijui kiasi. Imepanda basi. Lile la Lushoto, imelipandia Mombo. Imepata siti ya mbele, tena ya dirishani."

"Msijisumbue," mama anasema. "Mimi mzima."

Babu Kifua alinivuta sikio kwa meno, kwa kuwa mikono hana. Akaninong'oneza kwamba Lushoto ndiyo mwisho wa gari. Presha ikifika mwisho wa gari haishuki tena, anayeshushwa ni mwenye presha. Sikumwomba afafanue. Nilimtazama mama pale kwenye machela, anatabasamu asije akanitia wasiwasi.

"Lazima ishukie Soni," Babu Kifua akasema. "Baada ya Soni mimi sina ujanja."

Ambulansi ikaja. Dereva ni Lutengano. Amekufa tangu jana, lakini leseni yake bado haijaisha.

King'ora cha ambulansi hii hakilii kama vingine. Kinapiga hodi. "Hodi! Hodi wenyewe!" Na gari haliwezi kupita mahali popote mpaka wenyeji waitikie karibu. Tunafika Mombo. Wauza vitunguu wanaitikia karibu, wapiga debe wanaitikia karibu, mbuzi mmoja anaitikia karibu. Amebaki baba mmoja mwenye mshikaki mdomoni. Tunamngoja atafune, ameze, anywe maji.

"Karibuni," anasema, anajifuta mdomo. "Mnakwenda wapi?"

"Kumfuata presha."

"Kapita hapa sasa hivi. Mtu mpole sana."

Tukaanza kupanda mlima. Njiani kulikuwa na kibao: NJIA YA HEWA. Mbele kidogo barabara ikaisha. Haikubomoka, iliisha tu, kwa sababu mlima ulikuwa umelala usingizi na kidevu chake kimeangukia kifuani. Ulikuwa unakoroma, na kila ukikoroma mawe yanaruka.

"Njia ya hewa imeziba," nikasema.

"Kanuni inasemaje?" Babu Kifua akauliza.

Kanuni nilikuwa naijua, hiyo sikosei. Nikashuka, nikauwekea mlima kiganja kwenye paji la uso, penye miti, nikaupeleka kichwa nyuma taratibu, na kwa vidole viwili nikauinua kidevu. Mlima ukaacha kukoroma, ukavuta pumzi ndefu. Barabara ikafunguka, na upepo wenye harufu ya kabichi ukatupiga usoni.

"Vizuri," Babu Kifua akasema. "Ila hukuuamkia."

Tukalikuta basi kwenye kona. Ambulansi ikalipigia hodi, na ndani mtu akaitikia karibu. Papo hapo nimo ndani ya basi, Babu Kifua kwapani, na ambulansi inakwenda sambamba nasi upande wa dirishani, mama ndani yake.

Presha ni bwana mwembamba, msafi, aliyevaa tai ya zebaki. Tai yenyewe haining'inii. Inapanda. Ilikuwa imeshapita kidevu na kuelekea masikioni.

"Wewe ndiye presha ya mama?" nauliza.

"Ndiye. Karibu ukae."

"Tunakuomba ushuke."

"Binti, mimi sina ugomvi na mtu. Ningekwisha kushuka zamani. Mwulize kondakta."

Kondakta alikuwa Mwalimu Nyoni. Alinitazama kama hanijui, vile anavyotutazama siku zote za mtihani.

"Gari hili halisimami kwa kugongwa bodi," akasema. "Linasimama kwa neno moja. Tena litoke kwa mwenye presha mwenyewe."

"Neno gani?"

"Ningekwambia, ungekuwa mtihani?"

Nikatoa kichwa dirishani. "Mama! Hujambo?"

"Sijambo!" mama akajibu kutoka kwenye machela.

Basi likaongeza mwendo.

"Mama! U mzima kweli?"

"Mzima wa afya!"

Dereva akabadili gia. Nikaona nyumba za kwanza za Soni zinakuja, halafu nikaona zinapita. Tai ya bwana Presha ilikuwa imefika masikioni, na yeye mwenyewe alikuwa anajipepea kwa tiketi. Nilitaka kulia. Nilitaka kumwambia mama acha adabu zako, unakufa. Lakini mama hatukanwi, hata ndotoni.

"Kila akisema salama, dereva anasikia twende," bwana Presha akanieleza kwa upole. "Ndiyo hali."

"Babu, nifanyeje?" nikauliza.

Babu Kifua alikuwa anatazama nje, mara yake ya kwanza kutoka chumba kile.

"Mwajabu," akasema, "wewe huwa unamwuliza mama yako hali ili akujibu, au ili ukate simu?"

Nilikumbuka simu ya jana jioni. Ilinichoma.

"Salama ni mlango," akaendelea. "Wewe ukifika mlangoni unaondoka. Piga hodi, kisha ngoja mwenyewe afungue. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini na mwuliza hali mwenye haraka ana fungu lake katika lawama."

Nikatoa kichwa tena. Sikupiga kelele safari hii.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Nikanyamaza.

Nangoja. Ambulansi imeacha kupiga hodi. Lutengano amezima redio, kwa heshima ya mtu aliyewahi kufa. Kimya kinapanda basi, kinalipa nauli, kinakaa kati yetu. Mama anatazama pindo la kanga yake, analivuta, analinyoosha. Ananitazama kuona kama bado nipo. Nipo.

"Ila," mama anasema.

Breki zikalia, na basi likarudi kinyumenyume mpaka Soni penyewe. Bwana Presha akasimama, akachukua mkoba wake, akaniaga kwa kunipa mkono. Alipokanyaga chini, tai yake ikateremka mpaka kifuani, mahali pa tai za watu wote.

"Asante," akasema. "Kule juu nilikuwa naumwa kichwa."

Nikamgeukia mama anieleze ila ni ila gani. Akafungua mdomo. Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nilikuwa nimeushika mto wangu kwa vidole viwili, nimeuinua kidevu, na mwenzangu wa chumba ananitazama kutoka kitanda cha juu kama mtu anayefikiria kuhama. Sikumjali. Nilichukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi asubuhi, kwema?"

"Kwema. Hujambo?"

"Sijambo. Sisi huku salama kabisa."

Nikanyamaza. Nilisikia kuku wa nyumbani, na ndoo inaburutwa.

"Haloo? Mwajabu? Salio limeisha?"

"Nipo, mama. Nakungoja."

Kimya. Mtu hajui kimya kina urefu gani mpaka amngojee mama yake ndani yake.

"Ila," mama akasema, na mimi nikaketi kitandani. "Ila kichwa, mwanangu. Kinanigonga hapa kisogoni tangu juzi. Na leo jicho hili la kushoto linaona ukungu. Vidonge viliisha, nikasema nisikusumbue, una mitihani."

Nilimwambia aketi, asishike ndoo wala jembe, ampe simu Hoza. Hoza naye akaanza na salama zake, nikamkatiza. Nikamwambia amchukue mama sasa hivi, asingoje chai, ampeleke hospitali Lushoto, asipande bodaboda. Akasema jirani yupo anapakia kabichi kwenye pikapu, atamwomba ampakie mama mbele.

"Kwani ni mbaya?" akauliza, sauti imebadilika.

"Tukiwahi si mbaya. Nenda."

Nilikwenda kwenye mtihani na simu mfukoni, imewekwa itetemeke, na Mwalimu Nyoni nilimwambia kwa nini. Akakubali. Babu Kifua alikuwa mezani, macho juu kama kawaida, hana habari na mtu.

"Shikamoo, babu," nikamwambia kabla ya kumgusa. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Nyoni hakucheka. Nilimkandamiza, nikampulizia, kifua kikapanda na kushuka vizuri. Kisha nikaitwa kwa Lutengano, aliyelala sakafuni amefunga vifungo vyote vya shati.

"Habari yako, kaka?"

"Nzuri tu, dada."

Nikapiga magoti karibu naye, nikamshika mkono, nikangoja. Lutengano akapepesa macho. Akamtazama Mwalimu. Akanitazama mimi. Nadhani hakuna aliyewahi kumngoja hivyo.

"Ila tumbo, dada," akasema, na nilisikia Mwalimu akishusha pumzi nyuma yangu.

Nilikuwa bado nafunga utepe mwekundu, ule wa asiyeweza kungoja, simu ilipotetemeka. Mwalimu akanionyesha mlango kwa kidevu. Nilipokea nikiwa kwenye korido.

"Mama hajambo," Hoza akasema.

Nikanyamaza.

"Ila Lushoto hatukufika," akaendelea. "Pikapu imepata pancha, tena spea hana, mtu gani huyu. Pembeni kulikuwa na kituo cha afya, tukamwingiza hapo hapo. Wamesema tumewahi. Wamempa dawa, wamemlaza, wamempima na kumpima tena. Sasa anagombana nao anataka chai. Presha imeshuka."

"Imeshukia wapi?" nikauliza.

"Mwajabu, usomi gani huo? Presha nayo inashukia mahali?" Hoza akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa ameogopa tangu asubuhi. "Haya, imeshukia hapa hapa tulipo. Soni."